IP ya nyumbani kwangu ni ipi, mbona nimezikuta tatu tofauti?

Swali la msomaji: "Habari mtaalamu. Niko Mwanza, nimefunga kamera za CCTV nyumbani ili nikiwa dukani niwe naona geti na watoto. Fundi kaniambia nimtumie IP ya nyumbani afungue poti ili nione kwa simu popote nilipo. Nimeangalia kwenye laptop imeandika 192.168.1.14. Mdogo wangu akaingia kwenye ruta akakuta inaanza na 100.81. Nikauliza Google ikanipa inayoanza na 41, tena inasema niko Dar es Salaam! Sasa ipi ndo IP yangu? Na je kumpa mtu IP si hatari?"

Dada, salama kabisa, na pole na mahangaiko ya hizo namba. Nikujibu kwa ufupi kwanza alafu ndo nieleze. IP ni namba ya anwani ya kifaa kwenye mtandao, na zote tatu ni sahihi, hakuna iliyokosea. Ya kwanza ni ya laptop yako humo ndani ya nyumba, ya pili ni ya ruta yako ndani ya mtandao wa kampuni inayokuuzia intaneti, na ya tatu ni ya kampuni yenyewe, we unaitumia pamoja na wateja wengine ambao huwajui wala hawakujui. Kwaiyo ile IP anayoitaka fundi, yani ya pabliki, inayofikika kutoka intaneti ya nje, na iwe ya kwako peke yako, huna. Hata angefungua poti, yani mlango wa kuingilia kutoka nje, mpaka kesho kamera zisingeonekana. Ipo njia nyingine na ni rahisi kuliko hiyo, nitafika huko, ila uzielewe kwanza hizi namba maana mafundi wengi wanazichanganya, na akirudi mara tatu kwa bodaboda nauli ni juu yako.

Tuanze na ya ndani. Kila kitu kinachoingia kwenye wifi yako, simu, laptop, tivii, ile mashine ya kamera, kinapewa namba na ruta. Ruta ndo inagawa yenyewe, we hufanyi chochote, na namba hizo zinatoka kwenye mafungu matatu yaliyotengwa maalum kwa matumizi ya ndani, yameandikwa kwenye waraka unaoitwa RFC 1918 wa mwaka 1996 na mpaka leo ndo hayo hayo. Fungu la kwanza ni zote zinazoanza na 10. La pili linaanza 172.16 linaishia 172.31. La tatu ni zote zinazoanza na 192.168. Angalia hilo la katikati vizuri, watu wakiona 172 tu wanasema hii ya praiveti, yani ya ndani, hapana, 172.15 ni ya pabliki na 172.32 ni ya pabliki, ya praiveti ni kati ya 16 na 31 basi.

Hizi namba za praiveti hazitembei kwenye intaneti ya nje kabisa. Jirani yako hapo anaweza kuwa na 192.168.1.14 kama wewe, na mtu yuko Bujumbura anayo hiyo hiyo, na hamgongani maana kila moja inaishia kwenye ruta ya nyumba yake. Ndo maana ukimtumia fundi 192.168.1.14 akiwa kwake hawezi kufanya nayo kitu, akiiandika itamtafutia laptop nyumbani kwake yeye.

Jinsi ya kuiona. Kwenye Windows bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, kikitokea kile kidirisha cheusi andika ipconfig. Yatakuja maneno mengi usiogope, tafuta sehemu iliyoandikwa "Wi-Fi" alafu mstari wa "IPv4 Address". Zikitokea sehemu tatu nne na kila moja ina namba yake ujue kuna programu ulishaweka zinazojitengenezea mtandao wake, we chukua ile ambayo chini yake mstari wa "Default Gateway" umejazwa, sio mtupu. Kwenye Android ingia mipangilio, Wi-Fi, gusa jina la mtandao uliounganishwa au kile kigia pembeni yake, shuka chini utaikuta. iPhone ni hivo hivo, gusa ile herufi i ndani ya kiduara. Mac shikilia kitufe cha Option alafu ubofye alama ya wifi pale juu, Linux andika ip a. Mashine ya kamera nayo ina namba yake, ingia kwenye menyu yake sehemu ya Network utaiona, na hiyo iandike mahali maana utaihitaji.

Ukikuta inaanza na 169.254 hapo ujue kompyuta haijapewa namba na ruta, imejipachika yenyewe kwa kukosa, na intaneti haitakuwepo. Zima wifi uwashe, ikigoma zima ruta uiwashe. Na kama ulikuwa umejiunga kwa hotspot ya iPhone ya mtu utaona 172.20.10 na kitu, hiyo ni ya ndani ya simu yake, sio ya nyumba, usije ukaituma hiyo ukadhani ni ya ruta.

Sasa ule mstari wa "Default Gateway" ndo namba ya ruta yenyewe. Kwa wengi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, za Huawei za faiba mara nyingi ni 192.168.100.1, zile za laini za 4G za Huawei ni 192.168.8.1, MikroTik ni 192.168.88.1. Usikariri hizi, soma ya kwako pale kwenye ipconfig, alafu iandike kwenye brauza kule juu kabisa panapoandikwa anwani ya tovuti. Nasisitiza kule juu maana wengi wanaiandika kwenye kiboksi cha Google alafu wanaletewa makala elfu za watu wengine wanaouliza swali hilo hilo. Itakuomba jina na paswedi, kwa kawaida vimeandikwa kwenye stika chini ya ruta, na hiyo paswedi sio ile ya wifi, ni mbili tofauti. Kama aliyekufungia intaneti aliibadilisha, muulize.

Ukiwa humo ndani, kabla hata ya shughuli yenyewe, angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Utaona kila kifaa na namba yake ya praiveti, na hapo ndo watu wanagunduaga kwamba nyumba ina simu nne ila wifi ina simu kumi na moja hahaha. Ukimaliza kushangaa tafuta ukurasa wa Status, au WAN, au Internet, kila kampuni inauita kivyake. Namba ya WAN ndo namba ambayo ruta yako imepewa na kampuni upande wa nje. Hii ndo aliyoikuta mdogo wako, 100.81 na kitu, na huyo mdogo wako anastahili soda maana hatua hii wengi wanairuka na ndo inayotoa jibu lote.

Ya tatu ni ile ambayo tovuti za nje zinakuona nayo. Hiyo huwezi kuisoma kwenye kifaa chako, mpaka uulize kitu kilichoko nje, ndo maana unaandika what is my IP kwenye Google au unafungua ifconfig.me inakuambia. Hapa kuna mitego kidogo. Kama unatumia simu hakikisha iko kwenye wifi ya nyumbani na data ya laini umeizima, la sivyo utapewa IP ya mtandao wa simu ukadhani ni ya nyumba. Kama una VPN imewaka, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali, utaona namba ya VPN, ya Ujerumani sijui Uholanzi huko. Opera Mini nayo, ile hali yake ya kubana data inapitisha kurasa kwenye seva za Opera kwanza, kwaiyo unachoonyeshwa ni IP ya Opera. Tumia Chrome ya kawaida kwa hili zoezi.

Haya, sasa weka hizo mbili pamoja, ya WAN kwenye ruta na ile ya tovuti. Zikifanana kabisa, tarakimu zote, hongera, ruta yako ina IP ya pabliki, inawezekana inabadilika badilika ila ni ya kwako kwa muda huo. Zikitofautiana, kuna mtu katikati. Ukiona WAN inaanza na 192.168 mara nyingi katikati pana ruta nyingine hapo hapo kwenye jengo, labda ya mwenye nyumba, au kile kiboksi cha faiba nacho ni ruta alafu we ukachomeka ya kwako juu yake, hiyo inarekebishika kirahisi. Ukiona WAN ni 10 na kitu, katikati mara nyingi ni kampuni. Na ukiona inaanza na 100 ikifuatiwa na namba kuanzia 64 mpaka 127, hapo huna haja ya kubashiri, hilo fungu lilitengwa Aprili 2012 kwa kazi hiyo hiyo ya kampuni za intaneti kuwagawia wateja namba za ndani. Ya kwako ni 81, iko kati ya 64 na 127, mchezo umeisha. Mitambo inayofanya kazi hii inaitwa CGNAT, likumbuke hilo jina maana ukipiga huduma kwa wateja ndo utakalolitaja.

Kama ruta imefungwa na hamna wa kukupa paswedi, kwenye kile kidirisha cheusi andika tracert -d 8.8.8.8 uangalie mistari ya mwanzo. Wa kwanza ni ruta yako. Wa pili ukiwa ni wa 100.64 kwenda juu au wa 10, hiyo ni dalili kubwa ya CGNAT, ila ni dalili tu, kampuni zingine zinatumia namba za ndani kwenye mitambo yake hata kama mteja ana ya pabliki. Ushahidi kamili ni kwenye WAN.

Jinsi inavyofanya kazi, chukulia sanduku la posta. We umesoma bweni unajua, shule nzima ina S.L.P. moja, barua za wanafunzi mia nane zote zinafikia pale, alafu ofisini wanasoma jina wanajua hii ni ya nani. Ruta yako inafanya hivo hivo. Laptop ikiomba ukurasa, ruta inaandika kwenye daftari lake kwamba laptop 192.168.1.14 imeomba kitu kule kupitia poti namba fulani, inafuta namba ya ndani inaweka ya nje, jibu likirudi inaangalia daftari inajua limpelekee nani. Poti ndo lile jina juu ya barua, zipo kuanzia 0 mpaka 65535. Sasa barua ikija haijaandikwa jina na hakuna aliyekuwa anaitegemea, ofisi inaiweka pembeni. Ndicho kinachotokea ukiwa dukani ukijaribu kuigonga nyumba moja kwa moja, ruta inapata kitu ambacho hakipo kwenye daftari, inakitupa. Kufungua poti, ambako fundi ndo alikotaka, ni kuiagiza ruta kwamba chochote kikija kwenye poti hii mpelekee mashine ya kamera.

Tatizo lako ni kwamba juu ya ruta yako kuna daftari lingine, la kampuni, na S.L.P. ni ya kampuni. We unaweza kuagiza ruta yako unavyotaka lakini kule juu hakuna aliyeagizwa, barua inatupwa kabla hata haijafika Mwanza. Na fundi hana paswedi ya kule.

Utauliza kwa nini wanafanya hivi, ni ubahili? Sio ubahili tu. Namba za aina hii, IPv4, jumla yake duniani ni 4,294,967,296, bilioni nne na kidogo, iliyopangwa miaka ya themanini mwanzoni wakati hakuna aliyewaza kwamba siku moja na friji itahitaji moja. Akiba kuu ya dunia iligawiwa mafungu yake ya mwisho tarehe 3 Februari 2011. Kwa Afrika anayegawa ni AFRINIC, ofisi zake ziko Ebène kule Mauritius, na kuanzia Januari 2020 aliingia kwenye hatua ya mwisho ya kubana, ambapo kampuni ikiomba haipewi zaidi ya namba 1,024 kwa mara moja. Sasa kampuni ina wateja laki tatu na unaipa 1,024, itafanyaje, lazima iwarundike. Na wanaokodisha au kununua kwa wengine wanalipa kwa dola.

Hii ndo inaeleza pia vitu vingine ambavyo labda umeshakutana navyo ukadhani simu imeingiwa na virusi. Google inakuambia imeona shughuli isiyo ya kawaida uchague picha zenye taa za barabarani, au mtoto anafungiwa kwenye gemu kwa kosa ambalo hakufanya. Mko wengi nyuma ya namba moja, mmoja akiharibu wote mnaonekana wabaya. Hata polisi wakifuatilia kesi ya mtandao, IP peke yake kwenye mtandao wa namna hii haiwapeleki kwa mtu, wanahitaji na saa kamili na namba ya poti, ndo kampuni iweze kuangalia kumbukumbu zake iseme alikuwa mteja gani.

Na ile ya Dar es Salaam usihangaike nayo. IP haina GPS ndani yake. Kuna kampuni zinatengeneza orodha za kukisia kwamba namba fulani iko mji gani, na wanakisia kwa kuangalia namba imesajiliwa wapi na mtandao wake unatokea wapi, sasa kampuni nyingi makao makuu yao yako Dar na mitambo mikubwa iko Dar, kwaiyo mtu wa Mwanza, Mbeya, Songea, wote mnaonekana mko Dar. Mji unakosewa sana, nchi mara nyingi wanapatia.

Ukiona tovuti imekupa kitu kirefu chenye herufi na nukta mbili mbili, mfano kinaanza na 2c0f, hiyo ni IPv6, namba za kizazi kipya ambazo ziko nyingi kiasi kwamba kila kifaa kinaweza kupata ya kwake ya pabliki bila kushea. Inayoanza na fe80 ni ya ndani tu, kila kifaa kinayo, isikutishe. Kama kampuni yako ingekuwa inatoa IPv6 na simu yako ya dukani nayo inayo, mazungumzo yangekuwa tofauti kidogo, ila kwa kamera usilitegemee hilo, na we umeonyeshwa ya 41 kwaiyo endelea na hiyo.

Sasa kamera. Mwambie fundi aache habari ya poti. Na akija na wazo la DDNS mkatalie pia kwa upole, DDNS ni jina linalofuata IP inayobadilika, inasaidia mwenye IP ya pabliki isiyotulia, kwako itakuwa inafuata IP ya kampuni na mlango bado umefungwa. Sijui kwa nini hili linauzwa sana.

Cha kufanya ni kutumia huduma ya mtengenezaji mwenyewe, mafundi wanaita P2P. Mashine ya kamera inatoka yenyewe kwenda kwenye seva za kampuni iliyoitengeneza, na simu yako nayo inaenda kule kule, wanakutanishwa. Kwa kuwa mashine ndo imeanza kutoka, madaftari yote mawili, la ruta na la kampuni ya intaneti, yameshaandika kwamba huyu anategemea majibu, kwaiyo CGNAT haizuii kitu. WhatsApp nayo simu zake zinapita hapo hapo kwa ujanja unaofanana na huo. Kama mashine ni Hikvision programu ni Hik-Connect, ingia menyu ya Network, tafuta "Platform Access", iwashe, weka neno lako la uthibitisho, subiri iandike "Online", alafu uskani QR code kwa simu. Dahua ni programu ya DMSS na kwenye menyu utakuta P2P. Za bei ndogo zisizo na jina nyingi zinatumia XMEye. Dakika kumi zinatosha kama intaneti iko sawa.

Kitu cha kuangalia ni bando. Ukiangalia kamera ukiwa dukani, nyumbani inapakia na simu yako inapakua, zote mbili zinakula. Kwenye programu chagua picha ya ubora wa chini, ile sub stream, ya juu iache kwa siku unayotaka kuona sura ya mtu vizuri. Kama nyumbani ni faiba isiyo na kikomo sawa, kama ni ruta ya laini na unaacha kamera imewaka dukani kutwa nzima utakuja kulia.

Njia ya pili ni kuiomba kampuni IP ya pabliki isiyobadilika. Piga uwaulize hivi: je niko nyuma ya CGNAT, na je mna static public IP kwa kifurushi changu, na ni bei gani kwa mwezi? Wengi wanaitoa kwa vifurushi vya biashara na wanaongeza hela. Walioko Kenya na Rwanda wanaotumia Starlink hali yao inafanana na yako, kifurushi cha kawaida cha nyumbani kiko nyuma ya CGNAT. Kwa kamera tu za nyumbani mi nisingelipa hiyo hela.

Njia ya tatu ni kwa anayependa kuchezea vitu, programu ya Tailscale, au WireGuard kama una seva ya nje yenye IP ya pabliki, unatengeneza njia yako binafsi kati ya simu na nyumbani. Tailscale nayo inagawa namba za lile fungu la 100.64, kwaiyo ukiiweka usije ukachanganya namba yake na ya WAN.

Na hata siku ukipata IP ya pabliki, bado sikushauri ufungue poti ya kamera waziwazi. Mwaka 2016 kirusi kinaitwa Mirai kiliteka vifaa kwa malaki, vingi vikiwa kamera na mashine zake za kurekodia, kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakubadilisha, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa inazielekeza brauza kutoka jina la tovuti kwenda kwenye IP yake, mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani. Wenye kamera hawakujua chochote, kamera ziliendelea kuonyesha geti kama kawaida. Septemba 2021 tena Hikvision walitangaza kasoro kwenye kamera zao iliyomwezesha mtu kuingia bila paswedi kabisa, cha muhimu aweze tu kuifikia kamera. Kwa hili CGNAT inayokukera inakusaidia, inakuficha. Ila badilisha paswedi, weka toleo jipya la programu ya mashine, na kwenye ruta zima kitu kinaitwa UPnP maana kinaruhusu vifaa vijifungulie poti vyenyewe bila kukuuliza.

La mwisho, hatari ya kumpa mtu IP. Ya praiveti haina shida, hata uibandike getini. Ya pabliki kila tovuti unayofungua inaiona, huwezi kutumia intaneti bila kuionyesha, na haimwambii mtu unakaa nyumba gani, ya kwako ndo kabisa maana mnashea mtaa mzima. Ukiwa na ya peke yako usiisambaze ovyo kwa sababu mtu mbaya anaweza kuichunguza kama kuna poti wazi au kuifurikia mpaka intaneti ikwame, ila kumtumia fundi unayemfahamu sio kosa.

Cha kuficha ni vingine, na hapa naomba unisikilize zaidi kuliko kote. Ile stika ya QR iliyoko chini ya mashine ya kamera usiipige picha ukaituma kwenye grupu la WhatsApp kuomba msaada, hapo kuna namba ya mashine, na kwa baadhi ya modeli kuna na neno la uthibitisho. Paswedi ya ruta na ya mashine zibadilishe fundi akishaondoka. Na kubwa zaidi, muulize mashine imesajiliwa kwenye akaunti ya nani. Mafundi wengi wanaisajili kwenye Hik-Connect yao wenyewe kwa haraka ya kazi, alafu wanakushea tu uone. Mashine inakaa kwenye akaunti moja, wengine wote ni wa kushewa, kwaiyo kama mwenye akaunti ni fundi basi anaona geti lako na watoto wako muda wowote, na siku mkigombana juu ya hela anakutoa. Dalili ni kwamba ukijaribu kuiongeza kwako inakataa inasema imeshaongezwa na akaunti nyingine. Mwambie aifute kwake mbele yako, fungua akaunti kwa namba yako ya simu, iskani wewe, alafu ukitaka aendelee kukusaidia we ndo umshee yeye, na umwondoe akimaliza kazi.